Oili ya Golf katika baridi ya Mbeya

SWALI: Mhariri, kitabu cha Volkswagen Golf yangu ya petroli kinataka oili ya 5W-30 yenye kibali cha VW 504 00, yaani uthibitisho wa Volkswagen kwamba oili hiyo inafaa injini zake. Fundi wangu hapa Mwanjelwa anasema 20W-50 inatosha. Je, nimsikilize?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Namba iliyo kabla ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na asubuhi za Julai huko kwenu ile ya 20W huchelewa kufika sehemu za juu za injini. Hata hivyo, kinachoamua zaidi ni kibali, kwa kuwa makopo mawili ya oili ya sintetiki (iliyoundwa kiwandani kwa kemikali) yenye 5W-30 yanaweza kutofautiana sana. Soma maandishi ya nyuma mpaka uione 504 00 yenyewe. Fundi wako, nadhani, amezoea injini kuukuu.