Wanaliimba jedwali la saba, lakini saba mara nane hawaijui

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati Darasa la Tatu hapa Tanga mjini, watoto 70 na ushei. Jedwali la saba wanaliimba mpaka majirani wa shule wamelikariri. Ukimshtukiza mmoja, "saba mara nane?", anaanzia saba mara moja na kupanda nalo kimoyomoyo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huo wimbo una mlango mmoja tu, wa mwanzoni, ndiyo maana kila mara anazunguka kuingilia huko.

Chukua trei tupu ya mayai. Ina mistari 5 ya mayai 6. Igeuze, unapata mistari 6 ya mayai 5, na bado ni 30. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake, maswali 100 ya jedwali la 1 hadi 10 yanabaki 55. Toa ya 1, 2, 5 na 10, ambayo hayawasumbui sana, yanabaki 21. La tisa ni la kumi lililopungua fungu moja: 9 × 7 ni 70 toa 7, yaani 63. Sasa yamebaki 15, na hayo ndiyo ya kuhangaika nayo.

Hayo usiwaambie "karirini". Wafundishe kuyavunja. Muuza machungwa pale Ngamiani kapanga mafungu 8, kila fungu machungwa 7. Mafungu 5 ni 35, matatu yaliyobaki ni 21, jumla 56. Mwingine atakwambia saba mara mbili 14, mara mbili tena 28, na tena 56. Mpe nafasi aeleze ubaoni, maana swali la "umepataje?" linafundisha kuliko "ni ngapi?". Kama huna machungwa (na ukiwa nayo yataliwa), visoda vinatosha.

Wakishaelewa ndipo utafute kasi. Dakika 5 kila siku, wawili wawili, na kadi za maboksi: mapya matatu tu, yachanganywe na wanayoyajua, bila mpangilio. Kadi iliyomshinda irudi baada ya kadi mbili tatu, kesho yake tena, na wiki ijayo. Hivyo nusu ya darasa inajibu kwa wakati mmoja, badala ya mmoja kusimama na 69 kutazama dirishani. Fimbo iache ofisini. Mtoto akiogopa hukimbilia wimbo.

Saba mara nane yenyewe usianze nayo. Anza na 7 × 7, wakizoea 49, waongeze fungu moja.