Mshtakiwa wako ni nani? Kwa aliyeuliza kuhusu kutetea mifugo mahakamani

Mkuu uliyeuliza kama mwanafunzi wa sheria hapa Dar anaweza kujifunza kutetea mifugo au atachekwa tu: utachekwa. Mimi mpaka leo naitwa wakili wa ng'ombe.

Nilianza vibaya. Kwenye mahakama ya mazoezi chuoni nilisimama na kesi ya Happy, yule tembo wa New York ambaye mahakama ya rufani ya jimbo hilo ilikataa 2022 kumpa haki ya kuachiwa kama mtu aliyefungwa isivyo halali. (Tembo si mfugo, na kesi yenyewe ilishindwa. Sijui nilikuwa nawaza nini.) Mwalimu aliyekaa kama hakimu akauliza: "Mshtakiwa wako ni nani?" Nikakosa jibu.

Njia ya Katiba usiikimbilie. Marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Ungeapa nini, kwamba ni wewe uliyening'inizwa miguu juu kama kuku kwenye bodaboda ukitoka soko la Shekilango? Shika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Ukatili kwa mnyama ni jinai, kwa hiyo anayeshtaki ni Jamhuri, yaani serikali, na wewe kazi yako ni ushahidi.

Hapo ndipo penye ugumu. Nilienda mnada wa Pugu, nikakuta ng'ombe kashushwa kwenye fuso mguu umevunjika. Nikapiga picha, nikajiona nimemaliza. Dalali mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, huyo kaumia huko Gairo, mimi nimempokea tu." Dereva akasema alipakiwa hivyo hivyo Singida. Picha yangu ilikuwa inaonyesha mguu, haionyeshi mkosaji.

Kilichonisaidia ni kibali cha kusafirisha mifugo: jina la mwenye mali, idadi, alikotoka. Siku hizi kibali ndicho natafuta kwanza, kisha tarehe na saa ya kushusha, kisha maelezo ya daktari wa mifugo kuhusu umri wa jeraha. Jeraha la saa mbili na la siku mbili yana washtakiwa tofauti.

Hati ya mashtaka jizoeze kuiandika kwa Kiswahili, ndiyo lugha ya mahakama tangu 2021. Na Pugu wahi asubuhi. Biashara ikishachanganya, hakuna dalali atakayekusikiliza.