Kutoka darasa la saba hadi chuoni

Dada yangu, umeuliza kama mtu wa miaka 38 aliyeishia darasa la saba, anayeuza mboga soko la Mbuyuni hapa Moshi, anaweza kufika Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Inawezekana, ila usianze na fomu ya chuo. Kwa kuwa hukusoma sekondari, utaanza na Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, ambao ukiufaulu unakupa sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Huko lenga angalau alama ya D katika masomo manne, bila kuhesabu ya dini, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha chini cha kuingia astashahada, yaani ngazi ya cheti; ukimaliza hapo ndipo uende stashahada, na shahada baadaye. Kiingereza kinawaangusha watu wazima wengi wenye akili nzuri kabisa, maana masomo mengi ya sekondari huandikwa kwa lugha hiyo. Kipe muda kuliko somo lolote. Kuhusu madarasa ya jioni, waulize kwanza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kabla hujalipa ada popote.