Wasomaji Wanauliza: Nitaandika Saa Ngapi?

Swali: Ndugu Mhariri, nafundisha shule ya msingi na nina watoto wawili wadogo. Riwaya niliyoianza mwaka juzi bado iko sura ya tatu. Jioni nikishapika na kusahihisha madaftari, nguvu zimekwisha. Nifanyeje? *(Mwalimu, Morogoro)*

Jibu: Mwalimu, sura tatu kwa miaka miwili mara nyingi ni dalili ya kurudi nyuma. Kila unapokaa unasoma ya jana, unarekebisha neno hapa na pale, nusu saa inakwisha hujaongeza hata aya. Kabla hujafunga daftari, andika mistari miwili ya kitakachofuata: nani anaingia, anataka nini. Kesho anzia hapo bila kufunua kurasa za nyuma. Ukikumbuka kosa, liandike ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa mfano "sura ya 2, jina la shangazi", kisha endelea.

Kiasi: maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hayo ni 1,500 kwa wiki, na riwaya fupi ya maneno 40,000 inakamilika kwa wiki 27. Siku mbili zilizobaki ziachie wageni, misiba na mtoto mwenye homa. Ratiba ya siku saba huvunjika wiki ya kwanza, na mwandishi huiacha yote kwa kudhani ameshindwa.

Kwa kuwa jioni umechoka, hamia saa 11 alfajiri kabla watoto hawajaamka. Watangazie nyumbani kwamba nusu saa hiyo ni yako, kwa sababu muda usiotangazwa humegwa na kila mwenye shida. Kila Jumapili zipige picha kurasa zote mpya kwa simu na ujitumie kwa baruapepe. Daftari likilowa au simu ikiibwa, utapoteza wiki moja tu.

Swali: Mswada wangu umekamilika. Naupelekaje kwa mchapishaji, na nitajuaje hatauiba? *(Msomaji, Tanga)*

Jibu: Hongera, ndugu yetu. Usiupeleke bado. Uweke kando wiki nne, kisha usome wote kwa sauti. Sikio hunasa kisichoonekana na jicho, hasa upatanisho wa ngeli. Ukibadilisha "barua" kuwa "ujumbe" kwa kubonyeza kitufe kimoja cha kompyuta, "ilifika" na "yake" zitabaki vilevile, na mhariri ataona "ujumbe ilifika" ukurasa wa kwanza. Hapo imani yake inapungua kabla hajakutana na kisa.

Chunguza kwanza mchapishaji anatoa vitabu gani. Wengi Tanzania na Kenya hutegemea zaidi vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya ya watu wazima inaweza kukaa mezani miezi bila jibu, hata ikiwa nzuri. Isipokuwa ana utaratibu wake, andaa barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kurasa mbili unaotaja hata mwisho wa kisa, na sura tatu za mwanzo. Kuficha mwisho ni kosa la kawaida sana. Mhariri anataka kujua kama umeweza kuufikisha mzigo. Andika tarehe uliyotuma, na baada ya miezi mitatu ulizia kwa upole.

Kuhusu wizi, sheria inailinda kazi tangu ilipoandikwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, si sharti la ulinzi, bali hukupa ushahidi. Nakala zenye tarehe katika baruapepe yako nazo husaidia.

Zipo pia tuzo: ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na ambayo hupokea hata miswada. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno.

Swali: Nimeambiwa nilipie ili kitabu changu kitoke. Ni sawa? *(Msomaji, Mwanza)*

Jibu: Huyo anakuuzia uchapaji. Mchapishaji hugharimia kitabu mwenyewe, kisha hukulipa mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo. Uliza mrabaha unahesabiwa juu ya nini. Kitabu cha shilingi 10,000 kikiuzwa kwa duka kwa punguzo la asilimia 30, mchapishaji anapata 7,000. Asilimia 10 yako ni 1,000 mkataba ukisema "bei ya kitabu", au 700 ukisema "mapato ya mchapishaji".

Ukiamua kujilipia mwenyewe, omba ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba, chapa nakala chache kwanza, na muulize mchapaji karatasi yake hukunjwa kurasa ngapi. Ikiwa ni 16, kitabu cha kurasa 130 kitaingia katika 144, nawe utalipia kurasa 14 tupu. Punguza mbili zibaki 128.