Mama anatambikia mizimu chumbani mwetu, niswali wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nilisilimu nilipoolewa. Sasa nimeachika, naishi na mama mzazi katika chumba kimoja cha kupanga hapa Tanga. Mama hajasilimu, ameshika mila za wazee wake. Tangu alipoanza kuugua ameweka kigoda kwenye ukuta wa kibla, amekifunika kaniki, juu yake kibuyu, bakuli la unga na chetezo, na hapo anatambikia mizimu. Kodi nalipa mimi. Je, swala yangu inasihi? Nivivunje? Na akinituma ubani na kuku wa tambiko?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akuthibitishe, mwanangu, na amponye mama.

Swala yako inasihi. Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, alitundika pazia lenye picha, Mtume ﷺ akamwambia aliondoe kwa kuwa picha zile zilikuwa zikimjia mbele yake ndani ya swala. Haikupokewa kwamba aliikata swala ile wala kuirudia, ndipo wanachuoni wakasema haibatiliki, ila inachukiza kuelekea kitu cha namna hiyo. Basi mwombe mama kigoda kihamie ukuta mwingine. Huku Pwani tunaelekea kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini utakuwa mgongoni kwako. Akikataa, tundika kanga kati yako na kigoda, uswali.

Kuvunja, hapana. Najua wapo watakaokuambia Mtume ﷺ alivunja masanamu 360 pale Makka. Ni kweli, lakini hayo yalikuwa mwaka wa 8 Hijria, mji ukiwa mikononi mwake. Kabla ya hapo aliswali miaka mingi penye Al-Kaaba na masanamu yamesimama palepale. Hata alipokwenda umra mwaka wa 7 alitufu, yaani aliizunguka Al-Kaaba, nayo yapo, hakugusa hata moja. Hakuyaridhia hata siku moja. Alijua tu kwamba kuyavunja wakati ule kungezaa shari kubwa zaidi. Wewe ukikipiga teke kibuyu cha mama mgonjwa, kesho atanunua kingine, na Uislamu atauchukia kwa sababu yako.

Kwa kuwa kodi unalipa wewe, una haki ya kusema, na useme waziwazi: "Mama, hili siliridhii, namwabudu Allah peke yake." Sema kwa adabu, bila kuwatukana mizimu wake, maana Suratul An'am aya ya 108 inakataza kuwatukana wanaoabudiwa kinyume cha Allah. Kumtoa nyumbani usifikirie kabisa. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume ﷺ kama aunge naye udugu. Akamwambia aunge.

Ubani wenyewe hauna kosa. Ibn Umar alikuwa akijifukiza udi na kafuri, akisema ndivyo Mtume ﷺ alivyokuwa akijifukiza. Moshi ukikufikia mkekani hauna dhambi kwako. Ila usiununue wewe kwa ajili ya tambiko, wala usiwashe chetezo kile, kwani huko ni kusaidia shirki, na katika hilo mzazi hatiiwi. Kuku wa tambiko usimnunue, usimchinje, na nyama yake usiionje hata akikuwekea pembeni, kwa sababu amechinjiwa asiyekuwa Allah.

Mnunulie kuku mwingine, umchinje mwenyewe kwa Bismillah, umpikie supu. Wako watu wanaodai mwanamke hachinji. Si kweli: mjakazi wa Kaab bin Malik alichinja mbuzi kwa jiwe, na Mtume ﷺ akaamuru aliwe.

Mama kaanza haya kwa sababu ya ugonjwa, na hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako. Mpeleke hospitali apimwe, ukae naye kwenye foleni. Usiku soma Suratul Baqara humo chumbani kwa sauti anayoweza kuisikia. Na akikuuliza unasoma nini, mweleze.

Wallahu a'lam.