Ukienda Podlasie, lala kijijini

Mara ya kwanza nilikwenda Podlasie, mkoa mmoja wa Poland, kwa siku moja, nikarudi Warsaw na picha nne za kituo cha basi. Si masihara. Nilipanga kama mtu anayetoka Dar kwenda Bagamoyo: asubuhi njiani, mchana kuzunguka, jioni nyumbani. Treni ya Białystok, mji mkuu wa mkoa huo, haikunipa shida, masaa mawili hivi nimefika. Basi la vijijini nalo likanipeleka vizuri, likanishusha. La kurudi ndilo halikuja. Kwenye ubao wa ratiba kila saa ilikuwa na kiherufi pembeni, na maana ya viherufi hivyo imeandikwa chini kabisa, kwa Kipolandi: hili la siku za shule tu, lile haliendi Jumapili wala sikukuu. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nikakaa kwenye benchi masaa matatu mpaka bibi wa nyumba ya ng'ambo ya barabara akatoka na matufaha kwenye aproni, akaniuliza kama nimepotea. Mwanawe ndiye aliyenirudisha mjini kwa gari lake.

Tangu hapo nimerudi mara tano, na kila mwaka kiangazi kikikaribia Waswahili wenzangu wa huku Poland wananiuliza: twende wapi ambako si mji wa Kraków? Basi naandika mara moja iishe.

Podlasie ni pembe ya kaskazini mashariki mwa Poland, inapakana na Belarus na Lituania. Ni mashamba, misitu na vinamasi, na vijiji ambavyo saa mbili usiku vimeshanyamaza kimya. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usiende ukarudi siku hiyo hiyo. Lala, tena usilale mjini Białystok, lala kijijini, siku mbili kwa uchache. Vitu vizuri vya kule vinatokea alfajiri na magharibi, na wakati huo mgeni wa siku moja yuko kwenye treni. Tafuta neno *agroturystyka*. Ni wakulima wanaokodisha vyumba majumbani mwao, na wengi wanakupa kifungua kinywa cha mayai na jibini vya hapo hapo. Gari kodi Białystok, mgawane gharama watu watatu au wanne. Mabasi nimeshakwambia habari zake.

Na salamu jamani. Warsaw unaweza kupanda lifti na mtu miaka miwili msisemezane. Kijijini Podlasie ukipita mbele ya mtu bila *dzień dobry* umemtukana. Watakutazama, hilo sitakuficha. Ngozi yetu si ya kila siku kule. Lakini wengi wao macho yanalegea salamu ikishatoka kinywani. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatupati tabu hapo.

Mimi ningeanzia Kruszyniany, karibu kabisa na mpaka wa Belarus. Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski alikuwa anadaiwa mishahara na askari wake Watatari, na hazina haina kitu. Akawalipa kwa ardhi. Watatari hao walikuwa Waislamu waliokuwa wakipigana upande wa Poland na Lituania kwa vizazi kadhaa, na vijukuu vyao wako mpaka leo, katika kijiji hiki na kingine kiitwacho Bohoniki. Vyote viwili vina msikiti wa mbao. Wa Kruszyniany umepakwa rangi ya kijani na una minara miwili mbele. Ukiuona kwa mbali utaapa ni kanisa la kijijini, mpaka uone mwezi juu yake.

Ndani kunanukia mbao na mazulia. Viatu unavua mlangoni kama kwetu. Wanawake wana chumba chao, kimetengwa na cha wanaume kwa ukuta wa mbao wenye uwazi wa kupitishia sauti. Kuta zimetundikwa aya na dua katika fremu, wenyewe wanaziita *muhir*. Niliswali rakaa mbili za tahiyyatul-masjid peke yangu, mbao zinalia chini ya magoti, na niliposalimia nikasikia jogoo nje. Nilijiona niko Pangani, ila kwa baridi.

Jambo lililonishika zaidi halikuwa msikitini. Tulilala kwa mama mmoja Mtatari, na usiku wa kwanza akanitolea nakala ya ukurasa wa *kitab*, kitabu chao cha zamani cha dini, maana alishaona nasoma herufi za Kiarabu. Haya, nikajua ni Kiarabu, nikaanza kusoma. Herufi nazijua zote isipokuwa chache zilizoongezwa nukta, lakini maneno siyapati. Nikarudia polepole, silabi kwa silabi. Mama akaanza kucheka, kisha akawa ananimalizia maneno: kumbe ni Kipolandi! Watatari hawa walipoteza lugha yao karne nyingi zilizopita, wakawa wanasema Kipolandi na Kibelarusi, lakini mafunzo ya dini wakaendelea kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Mimi nasoma bila kuelewa, yeye anaelewa bila kusoma, na pamoja tukamaliza mistari minne. Nikamweleza kwamba babu yangu Tanga alikuwa akiandika barua zake vivyo hivyo, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, nasi wajukuu tunampelekea shangazi atusomee. Hakuniamini mpaka nilipomwandikia "habari za asubuhi" kwenye kipande cha karatasi. Alikibandika kwenye friji.

Chakula chao agiza *pierekaczewnik*: chapati nyembamba sana zinapangwa tabaka sita, zinapakwa mafuta, zinajazwa nyama, kisha zinaviringishwa kama konokono na kuokwa. Nje ya mezani pa Watatari, uliza kabla ya kula. *Babka ziemniaczana*, viazi vilivyoparuzwa na kuokwa, inaonekana haina madhara lakini mara nyingi ndani kuna mafuta ya nguruwe. Neno la kukumbuka ni *wieprzowina*, nyama ya nguruwe. Likitajwa, sogeza sahani.

Ukishafika Kruszyniany usikose Bohoniki, hata kama huna cha kupiga picha. Nenda makaburini, kwenye *mizar*, nje kidogo ya kijiji, chini ya miti. Msimu wa baridi wa 2021, wahamiaji walipokuwa wakivuka kutoka Belarus na kufia misituni na mitoni, Watatari wa Bohoniki ndio waliowazika. Wa kwanza alikuwa kijana wa Kisyria, Novemba mwaka huo. Kijiji chenyewe kina nyumba chache tu, na wale maiti hawakuwa ndugu zao wala hawajui hata lugha yao. Wakawachimbia, wakawaswalia. Makaburi mengine yana udongo tu uliozungushiwa mawe na kibao kidogo, na kuna ambayo hayana jina. Nilisoma Fatiha nikaondoka. Sikuwa na la kusema na mwenzangu mpaka tulipofika barabara kubwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, beba pasi na kadi ya ukaazi kila unapotoka, hata ukienda kununua mkate. Tangu 2022 mpaka wa Belarus una uzio wa chuma wa mita tano na nusu, askari wako barabarani, na baadhi ya maeneo hufungwa kwa watu wasio wakazi. Mipaka ya maeneo hayo hubadilika, kwa hiyo muulize mwenye nyumba siku unayofika, usitegemee ramani ya simu. Mimi nimesimamishwa mara mbili. Walitazama karatasi, wakanitakia safari njema.

Sasa msitu. Białowieża ni mabaki ya misitu ya kale iliyowahi kutanda uwanda wa Ulaya, na upande wa Poland umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1979. Watu huja kumtafuta *żubr*, nyati wa Ulaya, mnyama ambaye dume lake linaweza kupita kilo 800. Habari yake ni ya kutisha kidogo. Wa mwisho wa porini hapa Białowieża aliuawa 1919, na wa mwisho kabisa duniani, kule Kaukazi, 1927. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama, hamsini na kitu tu, na wote walioko leo wametokana na kumi na wawili kati ya hao. Walirudishwa Białowieża 1929 kwenye uzio, wakaachiwa msituni 1952.

Usiende Julai ukitegemea kumwona. Kiangazi wanajificha ndani. Nenda Januari au Februari, wakati wanapotoka kwenye nyasi kavu wanazowekewa pembezoni, na uwe umeshaamka kabla ya jua. Mimi nilimwona safari ya tatu, kwenye baridi ambayo kope zangu ziliganda: wanne wamesimama kwenye theluji, mvuke unawatoka mgongoni, wanatafuna. Hawakufanya lolote zaidi ya hapo. Tuliwatazama kwa mbali mpaka vidole vikafa ganzi. Ukiwa na watoto wasioweza kuvumilia, kuna eneo la maonyesho karibu na kijiji cha Białowieża ambako unawakuta ndani ya uzio bila jasho.

Lakini kwangu mimi nyati ni kisingizio. Lipa uingie kwenye sehemu ya msitu iliyolindwa kabisa, ambayo huruhusiwi kuingia bila kiongozi mwenye kibali. Pale hakuna anayekata wala kuondoa chochote. Mti ukianguka, umeanguka. Kiongozi wetu alibonyeza kidole kwenye gogo la msonobari lililolala, kikazama chote, akakitoa kinachuruzika maji kama ametoa kwenye sifongo. Na juu ya gogo hilo hilo vimeota vimisonobari vidogo, vimejipanga mstari mmoja kama watoto wa chekechea wanavuka barabara. Mwanzoni macho yanaona uchafu. Sisi tumezoea msitu uliofagiliwa. Baada ya saa moja nikaanza kuona kwamba kila kilichokufa mle kina mpangaji: uyoga, sisimizi, kigong'ota. Serikali iliporuhusu ukataji uongezwe mwaka 2016, kesi ilifika Mahakama ya Ulaya, na Aprili 2018 Poland ikashindwa. Muulize kiongozi wako anasemaje kuhusu hilo, kisha kaa tayari kusikiliza kwa muda mrefu.

Hapa lazima nitaje kupe. Msinicheke. Kupe wa kaskazini mashariki mwa Poland wanaambukiza homa ya ubongo na ugonjwa wa Lyme, ambao Wapoland huuita *borelioza*. Wa kwanza una chanjo, lakini ni dozi kadhaa, anza miezi kabla ya safari. Wa pili huna chanjo ya kuchoma. Vaa suruali ndefu, ichomeke ndani ya soksi hata kama unaonekana kituko, na jioni jikague mwili mzima, kwapani na nyuma ya magoti. Mimi nilimtoa mmoja nyuma ya sikio, mdogo kuliko punje ya ufuta.

Mengine nitayapitia haraka. Biebrza ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Poland, kinamasi kitupu. Nenda Aprili mto ukiwa umefurika, vaa gambuti. Jioni endesha polepole sana, kwa sababu kuna *łoś*, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe kama koleo. Miguu yake ni mirefu, ukimgonga mwili wote unakuangukia kwenye kioo. Trześcianka, Soce na Puchły ni vijiji vya nyumba za mbao zenye nakshi juu ya madirisha na pembeni mwa paa. Mtu aliyekulia kwenye milango ya pwani atasimama kila baada ya hatua tano. Kanisa la Kiothodoksi la Trześcianka ni la kijani, la Puchły ni la buluu. Pita kwa baiskeli. Grabarka ni kilima cha Waothodoksi chenye maelfu ya misalaba iliyoletwa na mahujaji. Agosti 19 panajaa, kwa hiyo kama hupendi msongamano epuka siku hiyo.

Tykocin usiipitie haraka. Ni mji mdogo mzuri, na sinagogi lake la mwaka 1642 limeandikwa sala ukutani kutoka juu mpaka chini. Walioziandika hawana kizazi pale. Agosti 1941 Wanazi waliwakusanya Wayahudi wa mji kwenye uwanja wa soko, wakawapeleka msitu wa Łopuchowo, wakawapiga risasi. Ni mwendo mfupi kwa gari. Nenda kwanza sinagogi, halafu msituni, halafu usipange kitu kingine mchana huo.

Kuhusu saa: Juni jua linachomoza saa kumi alfajiri na kuzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo una siku mbili ndani ya moja. Desemba linazama saa tisa na robo alasiri. Panga kufuatana na hilo.

Ukipenda korongo weupe, nenda kati ya Aprili na katikati ya Agosti. Wanajenga viota juu ya nguzo za umeme na mapaa ya ghala, vikubwa kama matairi ya trekta, na wanagonganisha midomo kama mtu anayepiga kayamba. Mwaka jana nilichelewa, nikafika mwisho wa Agosti. Mama mwenye nyumba akanionyesha kiota kitupu juu ya ghala lake, akaniuliza wageni wake watafika kwetu lini. Nikamwambia kwetu ni pwani, wao huelekea bara zaidi, Serengeti huko. Akaonekana kusikitika kidogo, akaingia ndani kuchemsha chai.