Lenzi ya hadubini ya 10x kwenye kamera, mbona nzi anatoka ukungu?

Mkuu, umesema umefunga lenzi ya hadubini ya 10x kwenye kamera, ukapiga kichwa cha nzi, kikaonekana kimstari tu kingine chote ukungu. Lenzi yako nzima, usiirudishe dukani. Hizi za 10x zilizoandikwa 0.25 ubavuni, sehemu inayokaa kwenye fokasi ni kama mikroni 8 au 9 (mikroni elfu moja ndo milimita moja), na unywele wako mmoja una kama mikroni 70, sasa kichwa kizima kitaenea wapi? Ndo maana tunapiga picha nyingi tunasogeza kidogokidogo halafu programu kama Zerene au Helicon inaziunganisha. Mi nasogeza mikroni 5, yani kina cha milimita moja ni picha 200. Yule mpiga picha Mwingereza Levon Biss, aliyepiga wadudu wa makumbusho ya Oxford, mdudu mmoja alikuwa anakula picha kama 8000!

Soma tena ubavuni. Ikiandikwa 160 inataka mrija mrefu tu kati yake na kamera, ikiwa na alama ya nane iliyolala inafungwa mbele ya lenzi ya kamera, nyingi zinataka ya milimita 200 na fokasi yake uiweke mbali kabisa.

Ila kilichonitesa mimi ni mtikisiko. Nakaa karibu na barabara ya malori, kuna siku nimemaliza picha 180 za mbawakavu, kuja kuunganisha jicho lina kingo mbilimbili, lori lilipita katikati. Siku hizi napiga saa saba usiku, feni nazima, friji nachomoa, kamera na mdudu nimevifunga kwenye ubao mmoja mzito wa mninga ili vikitikisika vitikisike pamoja, na flashi naiweka nguvu ya chini kabisa maana hapo inawaka na kuzima haraka mno. Isimpige mdudu moja kwa moja lakini, gamba linang'aa utapata madoa meupe, mi nakata kitako cha kikombe cheupe cha mtindi namzungushia.

Na kwa dhati kabisa nakushauri anza na 4x. Fokasi yake inafika mikroni 50 hivi, picha 40 unamaliza kichwa cha nzi. Yangu ya kwanza iliyokaa vizuri ilikuwa hiyo, vijicho vimepangana kama sega la nyuki na chembe moja ya chavua imenasa kwenye nywele za shavuni, nilikaa naiangalia mpaka kukakucha.

Ukikwama kwenye adapta sema kamera yako ni ipi.